Saa Iliyo Kichwani, na Kwa Nini Nyanya Hutembea Usiku

Mswahili akikuambia ni saa moja asubuhi, ana maana kwamba jua limekwisha kuchomoza na saa moja imepita. Hesabu yake inaanza na jua, si na usiku wa manane kama ile ya Wazungu. Sisi wa Nairobi twaielewa vizuri maana ikweta iko hapo jirani tu: jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu, Januari hadi Desemba, likipishana kwa robo saa hivi. Nimeanza na jambo hili kwa sababu, ndugu msomaji, ubongo wako nao huhesabu saa kwa Kiswahili.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapokutana na kupishana, pana kikundi cha seli zipatazo 20,000. Chote hakizidi punje ya mchele. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Ndiyo inayoamuru joto la mwili lishuke usiku, homoni ya melatonini imwagike giza linapoingia, na usingizi uje. Karibu kila seli mwilini ina kisaa chake, lakini hiki cha kichwani ndicho kiongozi wa bendi. Siri ya visaa hivyo ilifumbuliwa kwa kuchunguza inzi wa matunda, mdudu ambaye sisi humfukuza tu kwenye ndizi. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kazi hiyo.

Ajabu ni kwamba saa hii ikiachwa yenyewe haitimizi saa 24 barabara. Kwa watu wengi huchelewa kama dakika kumi kila siku, mithili ya saa kuukuu ya ukutani. Anayeirekebisha kila kukicha ni mwanga wa jua unaoingia machoni. Mtu asipouona mwanga, saa inapotea njia polepole.

Sasa tuje kwa ugonjwa wenyewe. Kiingereza wanauita dementia. Kwetu husemwa tu kwamba mzee "amerudi utotoni" au "amechanganyikiwa", basi yameisha. Lakini kusahau mahali ulipoweka miwani si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtu anaposahau miwani ni ya kazi gani. Aina iliyo kubwa kuliko zote ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906, na bado ina jina lake. Ati ni maradhi ya Wazungu? La hasha. Mwaka 2010 watafiti walizunguka vijiji vya wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kama sita katika kila mia wanao. Huko si Ulaya, ni mwendo wa siku moja tu kwa basi kutoka hapa.

Anayeishi na mgonjwa wa aina hii anaijua saa kumi na moja jioni. Mchana kutwa nyanya alikuwa ametulia, anakunywa chai yake. Jua likianza kuzama anaanza kuhangaika. Anafunga virago, ati anakwenda kwao, na kumbe yuko kwao. Anamwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Usiku wa manane yuko macho, anafungua milango, anatoka nje. Kesho yake mchana anasinzia kitini. Watu wa nyumbani nao hawajalala, wanaenda kazini macho mekundu. Jambo hili la usiku, kuliko kusahau kwenyewe, ndilo linalowachosha walezi mpaka wakate tamaa.

Kwa nini usiku? Mwaka 1985 Dick Swaab na wenzake kule Amsterdam, Uholanzi, walichunguza ubongo wa wazee waliokwisha kufariki. Wakaona kwamba ile saa ndogo hupungukiwa na seli mtu anapozeeka sana, na kwa waliokuwa na ugonjwa wa Alzheimer upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa hivyo nyanya hafanyi ukaidi. Saa yake haijui tena kutenga usiku na mchana.

Hapa sitaki kupita haraka, jamani. Katika nchi yetu mzee anayetembea usiku, anayeongea peke yake, aliyesimama kwenye boma la jirani bila kujua amefikaje, anaitwaje? Mchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa na umati katika kaunti ya Kisii kwa tuhuma hizo. Kilifi nako wazee wengi wameuawa au kukimbia makwao. Sisemi kwamba kila aliyetuhumiwa alikuwa mgonjwa. Wengine hutafutiwa kisa kwa sababu ya shamba. Nasema tu kwamba dalili za ugonjwa huu na zile watu wanazoziita dalili za uchawi zinafanana mno, na anayepotea usiku hawezi kujitetea, maana hakumbuki alikokuwa.

Kuna upande wa pili wa habari hii, na wataalamu bado wanaujadili: huenda saa iliyoharibika nayo hukaribisha ugonjwa. Ni kuku na yai. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waligundua kwamba amiloidi, ile protini inayogandamana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, huongezeka tukiwa macho na kupungua tukilala. Panya walionyimwa usingizi walipata amiloidi nyingi zaidi. Mwaka 2011 wengine wakatoa habari za akina mama wazee 1,282 waliovalishwa vipimo vya mkononi. Wale ambao mchana na usiku wao haukutofautiana sana ndio waliopatwa zaidi na upungufu wa akili miaka iliyofuata. Na Uingereza, mwaka 2021, ilionekana kwamba watu waliodumu kulala muda wa saa sita au chini yake kutoka umri wa miaka 50 hadi 70 walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 30 hivi. Huo si ushahidi kamili, maana ugonjwa huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya kujulikana, na labda ndio ulioanza kuwanyima usingizi.

Basi wenzangu wa kidato cha nne wasije wakasema nimewaambia kukesha na vitabu kutawaletea Alzheimer. Sikusema hivyo. Tena wako Wahadza, kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaolala muda wa saa sita na kitu hivi. Utafiti wa mwaka 2017 ulifuata watu wazima 33 kwa siku 20, na katika siku zote hizo ni dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala kwa pamoja! Wazee wao hulala mapema na kuamka mapema, kana kwamba wanapokezana ulinzi na vijana. Kwa hivyo babu kuamka alfajiri si ugonjwa. Tena Wahadza hushinda nje juani, na usiku wao ni giza. Mimi naona hapo ndipo tunapoachana nao.

Itazame Kileleshwa ya leo. Nyumba zenye bustani zimebomolewa, maghorofa yameota kila upande, na shosho analetwa kutoka mashambani kukaa na wanawe orofa ya saba. Pazia limefungwa, televisheni inawaka mpaka usiku. Jua analisikia tu kwenye habari.

Uholanzi walijaribu dawa rahisi katika nyumba 12 za wazee: taa kali sebuleni mchana kutwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Akili za wazee zilididimia polepole kidogo kuliko za wenzao, na huzuni ilipungua. Haukuwa uponyaji, na kila aliye na dalili hizi apelekwe hospitalini kwanza. Lakini wao walilipia umeme. Kwetu kinachotakiwa ni kiti, roshani inayotazama mashariki, na mjukuu wa kumshika shosho mkono saa mbili asubuhi. Jioni taa ziwashwe kabla giza halijaingia, mlango ufungwe vizuri, na akisema anakwenda kwao asibishiwe. Aulizwe kwao kukoje.