Chora Saketi Ambayo Kompyuta Itaielewa

Fundi akiona waya umeishia njiani kwenye mchoro, hukisia ulikokusudiwa kwenda. Programu haikisii. LTspice, ambayo hupatikana bure, hugeuza mchoro wako kuwa orodha ya maandishi inayoeleza kipi kimeungwa na kipi, kisha hukokotoa orodha hiyo. Orodha ya namna hiyo ndiyo iliyosomwa pia na SPICE ya kwanza, mtangulizi wa LTspice, iliyoundwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi chora ukiifikiria orodha.

Tujifunze kwa saketi ndogo: chanzo cha volti 5, rezista ya omu 1,000, na kapasita ya mikrofaradi 1 inayoishia ardhini.

1. Weka ardhi kwanza. Nodi ni mahali vifaa vinapoungana, na volti zote hupimwa kutoka nodi 0, yaani ardhi. Alama ya ardhi ikikosekana, hakuna pa kuanzia kupima.

2. Andika thamani kwa uangalifu. Rezista iandike 1k, kapasita 1u. Herufi kubwa na ndogo ni sawa kwa programu, na M ni mili. Omu milioni 1 ni 1Meg. Ukiandika 1F ukitaka faradi 1, utapewa femtofaradi 1, ndogo mara milioni bilioni.

3. Zipe nodi majina. Ziite "kuingia" na "kutoka", uzitambue kwenye grafu. Kumbuka kwamba nodi mbili zenye jina moja zimeungana hata pasipo waya, na waya zinazopishana bila kitone hazijaungana.

4. Chagua chanzo kinachobadilika. Ukiweka volti 5 za DC tu, grafu itakuwa mstari ulionyooka, kwa sababu programu huanza kwa kutafuta hali ya utulivu, na hapo kapasita imekwisha kujaa. Andika PULSE(0 5 0 1u 1u 10m 20m), kisha agiza .tran 10m, yaani kokotoa milisekunde 10.

5. Soma orodha. Fungua View, kisha SPICE Netlist. Utarajie mistari kama hii, pamoja na ule wa chanzo:

R1 kuingia kutoka 1k
C1 kutoka 0 1u

Jina la nodi likitokea mara moja tu, kuna waya ambao haukugusa. Nodi iliyobanwa kati ya kapasita mbili nayo haina njia ya DC kwenda ardhini. Iwekee rezista ya 100Meg.

6. Kokotoa kwa mkono kabla ya kuendesha. Omu 1,000 mara mikrofaradi 1 ni milisekunde 1. Muda huo ukipita, kapasita iwe imefika asilimia 63.2 ya volti 5, yaani karibu volti 3.16. Andika jibu hilo kwenye karatasi.

Grafu ikikubaliana na karatasi, ongeza kifaa kimoja, endesha tena, kisha kingine. Isipokubaliana, usiongeze chochote: rudi kwenye orodha uisome mstari kwa mstari. Kosa la mistari miwili hupatikana kwa dakika. La mistari hamsini litakufanya ukeshe.