Kodi Iliyobaki Baada ya Mpangaji Kukubali Kuhama

Mpangaji nchini Tanzania anayekubali kuhama kwa suluhu, iwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mara nyingi hudhani kwamba akishakabidhi funguo hadaiwi tena, ilhali kukabidhi funguo humaliza ukaaji tu, na deni hubaki au hufutika kwa kadiri ya yaliyoandikwa katika makubaliano.

Madai yenyewe ni ya namna mbili, ambazo wenye nyumba wengi huzichanganya katika hesabu moja. Yapo malimbikizo, yaani kodi ya miezi ambayo mpangaji amekwisha kukaa bila kulipa, na haya huwajibika kuyalipa hata akihama, isipokuwa yamesamehewa. Kodi ya miezi iliyosalia katika mkataba ni jambo jingine: ni dai la fidia ya kuvunja mkataba, ambayo kwa kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hupimwa kwa hasara iliyopatikana, huku njia aliyokuwa nayo mdai ya kuipunguza ikizingatiwa, kwa hiyo mwenye nyumba aliyepata mpangaji mpya mwezi uliofuata hana hoja ya kutoza miezi hiyohiyo mara mbili. Tena, pande zote zilipokubaliana kuusitisha mkataba, ni vigumu kuona uvunjaji uko wapi, labda kama suluhu imelihifadhi dai hilo waziwazi.

Karatasi ya daftari iliyosainiwa ofisi ya mtaa ni mkataba wa kawaida, na ikikiukwa mwenye nyumba hana budi kufungua shauri. Lakini suluhu iliyosajiliwa barazani hugeuka tuzo, yaani amri inayokaziwa kwa mkono wa dalali wa baraza bila shauri jipya, na tuzo ya maridhiano haikatiwi rufaa kama hukumu nyingine. Hivyo mpangaji anayeahidi barazani kulipa kwa awamu asizozimudu hujifunga zaidi kuliko anavyodhani.

Kinachomkinga ni maneno: kwamba kiasi kilichotajwa ni malipo kamili na ya mwisho ya madai yote ya pango, kwamba amana imekatwa au itarudishwa, na kwamba bili ya maji imeshahesabiwa. Yasipoandikwa hayo, hata mwenye nyumba aliyenyamaza muda mrefu bado ana miaka 6, tangu kila kodi ilipostahili kulipwa, ya kudai malimbikizo yake.