Gari la Dizeli Linapopoteza Nguvu Mlimani

Nyumbani kwetu Muleba pikapu kuukuu ya dizeli ni mali kubwa. Hubeba ndizi na kahawa, hupeleka wagonjwa hospitali, na nauli zetu za kurudi shuleni mara nyingi hutoka katika faida yake. Basi ikianza kupoteza nguvu njiani, kisha ikarudia hali yake njema kama kwamba haikuwa na neno, nyumba nzima huingia wasiwasi. Ugonjwa wa kuja na kuondoka huwapotosha watu wengi, kwa kuwa gari likifika kwa fundi halionyeshi kasoro yo yote. Nataka kueleza jinsi ya kuutafuta kwa utaratibu, tukitumia Fizikia tunayofundishwa. Nazungumzia injini za zamani zisizo na kompyuta.

Yafaa kwanza tujue injini yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani, aliifanikisha mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Injini hii haina plagi za kutoa cheche. Hubana hewa mpaka ibaki karibu sehemu moja ya 20 ya nafasi yake ya kwanza. Hewa hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini inahitaji mambo matatu: hewa, mbano, na dizeli ya kutosha. Mbano uliopungua kwa sababu ya kuchakaa haurudi kwa kupumzika dakika kumi. Nguvu zikienda na kurudi, tuanze kushuku dizeli na hewa.

Hapo moshi hutusaidia. Gari likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi mzito, dizeli inafika lakini hewa haitoshi. Tufungue filta ya hewa, hasa wakati wa kiangazi na vumbi. Likikosa nguvu bila moshi mweusi, yaelekea dizeli haifiki.

Kwa nini isifike? Twasema pampu "inavuta" mafuta, lakini kwa kweli pampu hupunguza mkandamizo ndani ya bomba tu. Kinachosukuma dizeli ni hewa inayoyakandamiza mafuta ndani ya tangi. Bukoba iko ufukoni mwa Ziwa Victoria, kiasi cha mita 1,130 juu ya bahari. Mkandamizo wa hewa huku umepungua kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100 ukilinganisha na Dar es Salaam. Ndiyo sababu kizibo cha tangi huwa na njia ya kuingiza hewa. Ikizibwa na matope, hewa ya nje haiwezi kushika nafasi ya mafuta yanayotoka, na injini hufa njaa huku tangi lina mafuta.

Nitatoa mfano. Pikapu ya baba yangu mdogo hushusha ndizi mjini Bukoba na kurudi na saruji. Ilikuwa ikipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, nguvu hukatika. Ikipumzika kidogo, hupanda tena vizuri. Katika gereji moja aliambiwa kwamba pampu ya nozeli imekufa na ni lazima ipelekwe Mwanza, kwa gharama iliyokaribia mauzo yake ya kahawa ya msimu mzima. Kabla ya kutoa fedha, alimwendea fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee. Gari linanishinda mlimani."

"Marahaba. Tambarare linakwendaje?"

"Tambarare halina neno."

"Basi tulia, mwanangu. Pampu tutaihukumu mwisho."

Fundi alifuata mpango huu, akianza na yasiyo na gharama. Alimwaga maji na takataka zilizotuama chini ya filta ya dizeli. Aliambia kizibo cha tangi kifunguliwe mara nguvu zitakapokatika. Kilipofunguliwa hakikutoa sauti ya kuvuta hewa, wala hali haikubadilika. Aliweka mpira mweupe unaopenya nuru mbele ya pampu, akatazama kama kuna mapovu. Hayakuwapo, maana yake bomba halikuwa likiingiza upepo. Mwisho alifunga dumu la dizeli safi nje ya chumba cha dereva, mbali na ekzosi, akaunga mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha mafuta humo. Gari lilipanda mpaka Kamachumu mara mbili bila kukohoa.

Jaribio hilo lilimaliza shauri. Pampu na nozeli zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni tangi na bomba lake. Tangi liliposhushwa, ndani mlikutwa kipande cha mfuko wa plastiki. Injini ilipotaka mafuta mengi mlimani, plastiki ilikwenda kuziba mdomo wa bomba. Injini ilipopumzika, iliachia ikaondoka. Tangi lilioshwa, filta mpya ikawekwa, na safari ya Mwanza haikuwapo.

Nawaomba wazazi wasidharau dalili hii. Katika magari mengi ya namna hii, msaada wa breki hutegemea injini. Injini ikizimika, breki huwa ngumu sana. Jaribio la dumu lifanywe na fundi, gari likiwa tupu na bila abiria.

Maswali kwa wanafunzi wenzangu:

1. Kwa nini gari lililozibwa bomba laweza kwenda vizuri tambarare, likashindwa mlimani?

2. Kizibo cha tangi kikifunguliwa na nguvu zikarudi papo hapo, kasoro iko wapi?

3. Ikiwa gari limeshindwa hata lilipotumia mafuta ya dumu, ni sehemu zipi zinazobaki kuchunguzwa?