Dondoo muhimu: Vigari vya plastiki vya kuunganisha

Seti za Marekani za miaka ya 1960, kama za AMT na Jo-Han za kipimo cha 1/25, hazitaki haraka.

1. Kabla ya kulipa, hesabu vipande kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Kioo cha mbele kikikosekana, afadhali uiache.
2. Usidanganywe na boksi: seti nyingi za zamani zilitolewa upya.
3. Weka matairi ya vinaili kwenye mfuko wake. Yakigusa plastiki kwa miaka, huiyeyusha.
4. Osha vipande kwa sabuni kabla ya kupaka rangi.
5. Supagluu isikaribie vioo, huacha ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya maji.
6. Stika zimegeuka manjano? Zianike dirishani, ndani ya mfuko angavu.