Mchungulie Kwanza Kama Ana Njaa

Gemu yako imeiva na mwenye konsoli amekubali kukusikiliza? Usikimbilie kuuliza asilimia. Mchungulie kwanza yeye: ana njaa au ameshiba? Masharti utakayopewa yatatoka tumboni mwake zaidi kuliko kwenye uzuri wa kazi yako.

Aliyeshiba nimfananishe na nani kama si Nintendo ya miaka ya 1980. Kabla yake Atari hawakuwa na lango. Mafundi wao wanne waliondoka mwaka 1979 wakaanzisha Activision, Atari wakaenda mahakamani, mwisho wakakubaliana walipwe mrabaha. Baada ya hapo kila aliyejua kuandika programu mbili tatu alijiona mtengenezaji, soko la Marekani likajaa takataka, na mwaka 1983 likaanguka. Nintendo walipoingia huko na NES mwaka 1985 walikuja na kufuli: chipu moja ndani ya mashine, nyingine ndani ya kaseti, na zisipotambuana gemu haichezeki. Mwenye leseni aliruhusiwa gemu tano tu kwa mwaka. Kaseti zilitengenezwa na Nintendo wenyewe, fedha mbele, na gemu haikuruhusiwa kukanyaga kwa mpinzani kwa miaka miwili. Konami walipoona tano haziwatoshi walianzisha jina la pili, Ultra Games, wakapata nafasi nyingine tano. Wengi walinung'unika na kutia sahihi, maana wachezaji wote walikuwa upande ule wa mlango.

Swali lako la kwanza mezani basi liwe hili: mzigo usipouzika, unamlalia nani? Enzi za kaseti ulimlalia mtengenezaji wa gemu, ambaye alikuwa ameshalipa. Sony walipotoa PlayStation huko Japani Desemba 1994 walikuwa wageni sokoni, tena wenye njaa, na CD yao iligharimu kidogo na kuchapwa upesi. Uliweza kuagiza chache, zikienda ukaongeza. Square, waliotoa gemu ya kwanza ya Final Fantasy kwenye mashine ya Nintendo mwaka 1987, walihamia huko na toleo la saba mwaka 1997, lililojaza CD tatu, wakati Nintendo 64 bado iling'ang'ania kaseti.

Siku hizi gemu nyingi hupakuliwa na hakuna kitu cha kuozea stoo. Hatari imehamia kwenye rafu. Duka la mwenye konsoli kwa kawaida hukata asilimia 30, na wengi hubishania hiyo 30 hadi wanasahau jambo zito zaidi: gemu yako itawekwa wapi, ionekane kwa siku ngapi, na punguzo la bei linaamuliwa na nani. Hayo yaandikwe. Ahadi ya mdomoni kwenye chai ya maonyesho haina mwenyewe.

Na tarehe pia ziandikwe. Mei 1995, kwenye maonyesho ya E3 Los Angeles, Sega walitangaza kwamba Saturn yao, iliyosubiriwa Septemba, imeshafika madukani siku hiyohiyo kwa dola 399. Watengenezaji wa nje waliokuwa wakipiga hesabu ya Septemba wakakutwa gemu ziko nusunusu, na baadhi ya maduka yalikasirika kwa kurukwa. Sony wakapanda jukwaani na kutaja bei yao: 299. Ukiandika mkataba, dai kipengele cha kupewa taarifa mapema tarehe ikisogezwa mbele au nyuma, pamoja na fidia.

Ukaguzi usiuchukulie kama muhuri wa ofisini. Wenye konsoli wana orodha yao: padi ikichomoka katikati ya mchezo gemu itafanya nini, nafasi ya kuhifadhi ikijaa je, mchezaji akibadili akaunti je? Anza kujipima kwa orodha hiyo miezi kadhaa kabla. Kukataliwa mara moja kunaweza kukukosesha tarehe ya kutoka uliyokwisha kuitangaza. (Sisi tuliolelewa na umeme wa kukatikakatika tuna bahati: la gemu kuzimika wakati inahifadhi tumelijaribu bila hata kukusudia.)

Sasa upekee. Electronic Arts waliichambua mashine ya Sega wenyewe, wakaenda mezani mwaka 1990 wakitaka masharti nafuu na wakayapata. Wewe si Electronic Arts. Kitu chako cha kubadilishana ni muda: muuzie miezi sita au mwaka wa kuwa nayo peke yake, lakini gemu yenyewe na wahusika wake vibaki kwako. Crash Bandicoot ilitoka kwenye PlayStation mwaka 1996, ikawa kama sura ya mashine hiyo, lakini haki zake hazikuwa za Sony wala za Naughty Dog walioitengeneza, bali za Universal. Baadaye zikapita mikononi mwa Activision, na Microsoft walipokamilisha ununuzi wa Activision Blizzard Oktoba 2023, mnyama yule wa PlayStation akawa mali ya wenye Xbox.

Muda huo wa upekee uhesabiwe kuanzia siku gemu inapoanza kuuzwa, na siku ya kuisha itajwe kwa tarehe ya kalenda. Ukiandika "hadi pande zote zikubaliane", atakayekubali wa mwisho ni yule aliyeshiba.