Mafunzo Niliyopata: Mahindi Chini ya Mkeka

Nina saiba mjini Machakos, na seva yake naitunza mwenyewe. Wewe unayeanza Linux leo utanipita mbali. Basi haya ya chini yameshaniumiza, usiyarudie.

1. Folda ni mlango, si chumba

Seva ya Ubuntu ilikuwa na diski ya ndani ya GB 40. Diski ya nje niliipachika kwenye folda /mnt/akiba, na kila usiku kazi za wateja zilinakiliwa humo. Niliipachika kwa mkono, bila kuiandika kwenye faili ya fstab ili ipachikwe yenyewe seva inapowaka, kama mtu asiyejua stima zetu. Usiku mmoja stima zikapotea. Ziliporudi, seva iliamka bila diski ya nje, nami sikuangalia. Folda ilikuwapo, tupu, ikaendelea kupokea nakala zote, ila sasa zilishukia diski ya ndani. Siku nne baadaye nikaipachika diski, na nakala hizo zikatoweka machoni.

Amri ya df ikasema diski ya ndani imejaa. Amri ya du -x, inayohesabu diski hiyo pekee, ikaona GB 14 tu. Nilishuku virusi. Nikashuku programu niliyoiweka juzi, nikaing'oa, nayo haikuwa na hatia yoyote. Kumbe nilikuwa nimetandika mkeka juu ya mahindi yaliyomwagika, halafu nikaketi juu yake nikiuliza mahindi yako wapi!

Ili kuchungulia chini, tengeneza folda /mnt/chini, andika mount --bind / /mnt/chini, kisha fungua /mnt/chini/mnt/akiba. Siku hizi folda tupu naifunga kwa chattr +i kabla ya kupachika, hata root asiandike ndani. Na kwenye fstab naweka UUID ya diski badala ya jina lake, maana sdb ya leo kesho huamka ikiitwa sdc.

2. Kuondoa si kufuta

Programu ya hifadhidata ilikataa kuwaka. Nikaiondoa kwa apt remove na kuiweka upya mara tatu, ikarudi na kosa lile lile. Remove huacha faili za mipangilio kwenye /etc. Kwenye dpkg -l utaona herufi rc. Inayozizoa faili hizo ni apt purge, ila nakili data yako ya /var/lib kwanza. Na lile kosa? Nililiandika mimi kwenye mipangilio hiyo, kwa vidole hivi.

3. rm haina macho

Kisakinishi kimoja kiliacha folda ya ovyo. Nilijaribu umount, ikadai folda inatumika: dirisha langu la amri lilikuwa limesimama humo humo. Nikapuuza, nikapiga rm -rf kwa madaha. Kumbe kwenye folda hiyo ndiko nilikokuwa nimepachika flashi ya mwalimu mmoja, na yote yaliyokuwamo yakafutika. Sasa natoka kwanza, napachua, kisha natumia rmdir, inayokataa folda yenye kitu.

Mwalimu alikuja jioni kuchukua mitihani yake. Nikamwambia, "Mwalimu, keti kwanza." Hakuketi. Tulichapa upya kutoka karatasi zake hadi saa nne usiku, na chai nilinunua mimi.