Mapenzi na Kazi Bure katika Riwaya ya Yukiguni

Yukiguni ya Yasunari Kawabata, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1968, ilianza kutolewa kwa sehemu majaridani mwaka 1935. Mandhari yake ni mji wa chemchemi za maji moto katika milima ya Japani yenye theluji nyingi. Huko Shimamura, mkazi wa Tokyo anayeishi kwa mali ya urithi na mwenye mke na watoto, anapendwa na geisha Komako pasipo tumaini.

Msimulizi si mhusika, lakini huona kwa macho ya Shimamura, na hapo ndipo penye utata. Kwa Shimamura, juhudi za Komako ni kazi bure: shajara ambamo anaorodhesha hadithi alizosoma, mazoezi ya samisen aliyoyafanya peke yake mbele ya milima. Msomaji akiikubali hukumu hiyo, hasara ya Komako hugeuka pambo, sawa na theluji. Lakini anayehukumu ni nani? Ni mtu anayeandika juu ya baleti ya Ulaya ambayo hajapata kuiona jukwaani! Tena Komako anapopiga samisen, mwili wa Shimamura unasisimka; matini yenyewe inampinga.

Kwa hiyo kifo cha Yukio, ambaye Komako anakataa kurudi kumwona akikata roho, si kiini cha msiba. Katika moto wa mwisho Komako anambeba Yoko mikononi. Shimamura anatazama nyota.